Dawa ya 'nano' yaingia sokoni Busia: Imeponya panya, binadamu bado

Na Mwandishi Maalumu, TORORO

KWA anayepita soko la Sofia, Busia, siku ya soko, kipaza sauti cha muuza mitishamba si kitu kigeni. Wauzaji hawa wamekuwapo miaka nenda miaka rudi, na mizizi yao, magome yao na unga wao wa kila rangi. Kilicho kipya ni neno moja ambalo limeanza kusikika katikati ya majina ya mwarobaini, mululuza na tangawizi. Neno lenyewe ni "nano".

Muuzaji niliyesimama mbele yake mwezi uliopita alikuwa amepanga chupa ndogo za plastiki zenye maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Lebo ilikuwa na picha ya tangawizi.

"Hii si ya kuchemsha kama ya nyanya yako," alitangaza. "Hii imesagwa kisayansi mpaka ikawa ndogo kuliko kidudu cha taifodi. Tumbo linalounguruma, tumbo linalokata, choo cha leo maji na kesho mawe, yote inamaliza!"

Chupa moja ilikuwa Sh60,000 za Uganda, yaani kama Sh2,100 za Kenya. Ukionyesha dalili ya kuondoka, inashuka hadi Sh45,000.

Nilimwuliza ni wapi dawa hiyo imethibitishwa. "Mwalimu," akanijibu (hapa kwetu ukivaa miwani na kuchomeka kalamu mfukoni unaitwa mwalimu papo hapo, na safari hii alipatia), "imethibitishwa Marekani. Angalia kwenye simu yako."

Niliangalia. Na kinachofanya habari hii iwe ngumu ni kwamba muuzaji yule hakuwa amesema uongo mtupu.

Ni kweli kwamba mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia State, mjini Atlanta, kikosi cha Didier Merlin, walichapisha matokeo ya kazi yao juu ya tangawizi ya kawaida, ile ile inayoingia Busia kwa magunia. Waliisaga ikiwa mbichi, wakaichuja, kisha wakaitia juisi kwenye mashine inayozungusha kwa kasi ya ajabu mpaka vitu vizito vikajitenga na vyepesi. Walichovuna ni vifuko vidogo mno vilivyozungukwa na utando wa mafuta, kila kimoja kikiwa na upana wa nanomita 230 hivi.

Nanomita ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni. Ukitaka kupata picha, ng'oa unywele mmoja kichwani mwako. Ukivipanga vifuko hivyo kwa mstari kuukatiza upana wa unywele huo, utahitaji kama mia tatu. Kwa hiyo hata lile la kuwa vidogo kuliko kidudu cha taifodi ni sahihi.

Vifuko hivi havikubuniwa na mtu. Seli za mimea huvitoa zenyewe, kama zinavyofanya seli za wanyama. Ndani ya vile vya tangawizi mlikuwa na mafuta, protini kidogo, vipande vifupi vya vinasaba, na kemikali zile zile zinazoipa tangawizi ukali wake. Panya waliokuwa wametiwa uvimbe wa utumbo kwa kemikali walinyweshwa vifuko hivyo. Vilifika kwenye utumbo mpana, seli za ukuta wa utumbo zikavipokea, uvimbe ukapungua na majeraha yakafunga mapema kuliko kwa panya wasiopewa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2018, kikosi kingine cha Chuo Kikuu cha Louisville, katika jimbo la Kentucky, kilionyesha kwamba vifuko vya tangawizi humezwa pia na bakteria wazuri wanaoishi tumboni, na kuwabadilisha tabia kwa namna iliyowafaa panya wenye uvimbe. Zabibu na balungi nazo zimefanyiwa majaribio ya aina hiyo.

Unaweza kuona kwa nini wanasayansi wamechangamkia jambo hili. Chembe za nano zinazotengenezwa kiwandani ni ghali, na baadhi zinatiliwa shaka ya kudhuru mwili. Tangawizi mtu ameila tangu zama za mababu. Kama kuna dawa inayoweza kufungwa na kusafirishwa hadi utumbo mpana bila kumwagika njiani, na gari lenyewe likawa chakula, hiyo ni habari njema.

Hapo ndipo ukweli wa chupa ya Sofia unapoishia.

Kwanza, waliopona ni panya. Pili, na hili ndilo linalopuuzwa hata na baadhi ya wanaoandika juu ya tangawizi kwenye majarida, ugonjwa waliokuwa nao panya hao si ule anaoulalamikia mnunuzi wa Sofia. Panya walikuwa na utumbo uliovimba na kuchubuka, mfano wa maradhi ambayo kwa binadamu huleta vidonda na damu kwenye utumbo mpana. Mnunuzi wengi wa mfano wake wana kitu kingine, ambacho madaktari hukiita kwa kifupi IBS.

IBS ni utumbo mwepesi kukasirika. Ukiutazama kwa kamera hauna kidonda. Ukipima choo hakuna minyoo wala amiba. Tatizo ni namna utumbo unavyojikaza na kulegea, na namna neva zake zinavyopeleka habari kwenye ubongo. Gesi ambayo kwa mtu mwingine ni jambo la kucheka, kwa huyu ni kisu.

Wataalamu walikubaliana mwaka 2016 juu ya kipimo chake. Ni maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, yenye angalau mambo mawili kati ya haya matatu: kuhusiana na kwenda haja, kuambatana na kubadilika kwa idadi ya safari za chooni, na kuambatana na kubadilika kwa ugumu na ulaini wa choo. Dalili ziwe zilianza si chini ya miezi sita nyuma.

Nikiwasomea wafanyabiashara wenzangu wa jirani maelezo hayo, hucheka kwa uchungu. Maisha ya mpakani yanaufaa ugonjwa huu kama shamba lenye mbolea. Mtu anaamka saa kumi usiku, anavuka na mzigo wa mayai au vitenge bila kutia kitu kinywani kwa kuwa hajui choo cha karibu kiko wapi, halafu saa tisa alasiri anabugia sahani ya maharagwe kwa haraka huku jicho likiwa kwenye bidhaa. Wale ndugu zetu wenye ulemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, Busia, wameniambia wazi kwamba siku ya kazi nyingi hawali kabisa. Madereva wa malori waliokwama Malaba mwaka 2020, foleni zilipokuwa zikihesabiwa kwa kilomita kwa sababu ya vipimo vya korona, wanajua wasiwasi unavyokaa tumboni.

Lakini kuna chanzo kingine, na hiki kinatugusa zaidi sisi tuliorejea kutoka uhamishoni.

Mimi nilisomea upande wa Kenya. Wazazi walituvusha mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati Teso na Tororo zilipochafuka kwa vita, na kwa miaka mingi nyumbani kwetu palikuwa ni kule tulikopokewa. Wanaotoka maisha hayo wanakumbuka maji ya madimbwi, choo kimoja kwa familia kumi na tano, na kuhara damu kulikokuwa kukipita nyumba hadi nyumba kama mtoza ushuru. Waliopona walimshukuru Mungu na kusahau. Tumbo la baadhi yao halikusahau.

Sasa inajulikana kwamba mtu mmoja hivi kati ya kumi wanaougua maambukizi makali ya tumbo hubaki na IBS baada ya kidudu chenyewe kuondoka. Mfano unaotajwa sana ni mji mdogo wa Walkerton, Canada, wenye watu kama 5,000. Mwezi Mei mwaka 2000 kinyesi cha ng'ombe kiliingia kwenye maji ya mji. Watu saba walikufa na wengine zaidi ya 2,000 wakaugua. Watafiti waliendelea kuwafuatilia, na miaka minane baadaye bado kulikuwa na wengi ambao matumbo yao hayakurudi kuwa kama zamani. Hao walikuwa na bima, hospitali na madaktari wa kuwapigia simu. Ukiuhamisha mfano huo hadi kambi ya wakimbizi, hesabu ifanye mwenyewe.

Kuna mama mmoja auzaye vitunguu, anayevuka kutoka Tororo hadi Busia mara tatu kwa wiki. Ni rika la dada yangu mkubwa, nami humwita dada. Naye alikulia uhamishoni, na tumbo limemsumbua tangu akiwa msichana. Katika mwaka mmoja aliambiwa mara nne kwamba ana taifodi, katika zahanati tatu tofauti za watu binafsi. Kila mara alitolewa damu kidogo kidoleni, akasubiri nusu saa, akaonyeshwa karatasi, akapewa sindano na vidonge vya siku kumi. Kila mara alipata nafuu ya wiki moja.

"Mwalimu," aliniambia, "mtu anaweza kuwa na taifodi mara nne kwa mwaka kweli? Au hiyo taifodi imenunua kiwanja tumboni mwangu?"

Kipimo alichofanyiwa ni kile kinachoitwa Widal, kilichobuniwa na Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896. Kinatafuta kinga za mwili dhidi ya kidudu cha taifodi, lakini hakitafuti kidudu chenyewe. Kwa watu wa maeneo kama yetu, ambao wengi wamewahi kukutana na kidudu hicho au jamaa zake, damu inaweza kusoma "ndiyo" hata kama mgonjwa hana taifodi siku hiyo. Kipimo kimoja cha namna hiyo, bila kuotesha damu maabara, hakitoshi kumhukumu mtu. Na dawa za kuua bakteria zikimezwa ovyo huwaua pia bakteria wema wa utumbo, wale wale ambao vifuko vya tangawizi vya Louisville vilikuwa vikijaribu kuwastawisha.

Sisemi taifodi haipo. Ipo, na inaua. Ninachosema ni kwamba tumbo la miaka ishirini haliwezi kuitwa taifodi kila Januari.

Mama huyo ndiye aliyenipa habari ya chupa ya nano. Alikuwa amenunua mbili. Mfa maji haachi kutapatapa, na mtu aliyelipia taifodi mara nne haoni kwa nini asilipie tangawizi mara mbili.

Je, tangawizi yenyewe imewahi kujaribiwa kwa watu wenye IBS? Imejaribiwa, na wauza chupa wangependa usijue. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichapisha jaribio dogo la wagonjwa 45. Kwa siku 28 kundi moja lilimeza gramu moja ya tangawizi kila siku, kundi la pili gramu mbili, na la tatu vidonge vitupu vilivyofanana na vile vingine. Si mgonjwa wala mhudumu aliyejua nani anameza nini. Mwishoni, waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 33 katika kundi la gramu mbili, asilimia 47 katika kundi la gramu moja, na asilimia 57 katika kundi la vidonge vitupu.

Soma tena hapo. Waliomeza kidonge kisicho na kitu ndio waliofanya vizuri zaidi.

Maana yake si kwamba tangawizi inadhuru. Jaribio lilikuwa dogo, na unga wa tangawizi si sawa na vifuko vilivyochujwa kwa mashine. Maana yake ni kwamba IBS ni ugonjwa unaopanda na kushuka wenyewe, na unaosikia matumaini. Mtu akinunua chupa siku ambayo tumbo limemzidi, na akaamini, kuna uwezekano mkubwa atajisikia vizuri wiki ijayo hata kama chupa ina maji ya mto Malaba. Kwa hiyo ushuhuda wa "mimi nilipona", ambao ndio mtaji wa kila muuzaji wa Sofia, hauwezi kutwambia lolote katika ugonjwa huu. Unahitaji kundi la kulinganisha.

Na hapa sina budi kuwakumbusha watu wa Busia jambo ambalo nashangaa hawajivunii. Jaribio la dawa ya tumbo lililotajwa sana duniani katika miaka ya karibuni lilifanyika kwao.

Mwaka 1998, katika tarafa za Budalangi na Funyula, wilaya ya Busia upande wa Kenya, shule za msingi 75 ziligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza wanafunzi walipewa dawa za minyoo mwaka huo, la pili mwaka uliofuata, la tatu baadaye. Kwa kuwa makundi yaligawanywa bila upendeleo, tofauti yoyote iliyoonekana kati yao ingeweza kuhesabiwa kuwa ni kazi ya dawa. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo mwaka 2004, wakisema utoro ulipungua kwa robo katika shule zilizotibiwa. Mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya aina hii.

Wala hadithi haikuishia kwenye sifa. Mwaka 2015 watafiti wa London walizipitia upya hesabu zile zile, wakakuta makosa, na mabishano yakawa makubwa kiasi cha kupewa jina la vita vya minyoo. Mimi kama mwalimu naipenda sehemu hiyo ya pili kuliko ya kwanza. Takwimu ziliwekwa wazi, mtu mwingine akasahihisha daftari. Chupa ya nano ya Sofia haina daftari la kusahihishwa.

Tororo nako tuna letu. Dawa mseto ya malaria tunayoijua sote inatokana na mmea wa Uchina, aina ya pakanga, ambao mwanasayansi Tu Youyou alifanikiwa kutoa kiini chake mwaka 1972, kazi iliyompatia Nobel mwaka 2015. Katika miaka ya 2000 watoto wa Tororo, wilaya iliyokuwa na mbu wa kutisha, walikuwa miongoni mwa waliofuatiliwa mwezi baada ya mwezi ili kulinganisha dawa mseto moja na nyingine. Wazazi walitia sahihi, watoto walitolewa damu, kila homa ikaandikwa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba sisi hatupendi dawa za mimea. Mmea ukipita mtihani, tunaumeza.

Wengine watauliza, na Covidex je? Nayo ilikuwa ya mitishamba, nayo ilitoka kwa msomi wa kwetu, Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Wakati wa wimbi kali la korona mwaka 2021 ilitafutwa kama almasi na bei ikaruka. Lakini kumbuka Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa ya Uganda iliiruhusu Juni mwaka huo kwa maneno yaliyopimwa: ya kusaidia katika kumhudumia mgonjwa wa maambukizi ya virusi, si ya kuponya korona. Watu wengi walisikia neno "imeruhusiwa" na kufunga masikio. Hata hivyo, angalau mamlaka iliwekewa chupa mezani ikaiangalia. Zile nilizoziona Sofia hazikuwa na namba ya usajili ya Uganda wala ya Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya.

Hilo linawahusu hasa mnaovusha. Utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo, ule wa bidhaa zisizozidi dola 2,000, unakusaidia kwa mahindi, vitunguu na tangawizi yenyewe. Tangawizi ile ile ukiitia kwenye chupa na kuandika kwamba inatibu, imekuwa dawa, na dawa inahitaji kibali cha mamlaka ya nchi inakoingia. Nawajua waliopoteza katoni nzima kwa kutotofautisha mambo hayo mawili.

Kuna na hatari nyingine iliyojificha katika neno hilo hilo. "Nano" si kitu kimoja. Kuna vifuko vya mmea, ambavyo ndivyo nilivyoeleza. Kuna pia chembe za madini, hasa fedha, zinazotengenezwa kwa kuchanganya chumvi ya fedha na maji ya majani. Njia hiyo inafanyiwa utafiti mwingi kwa kuwa fedha huua bakteria. Lakini kunywa maji ya fedha kwa muda mrefu kunaweza kuigeuza ngozi kuwa ya kijivu cha bluu, na rangi hiyo haitoki. Marekani yenyewe, ambako muuzaji wangu alidai dawa imethibitishwa, ilitangaza mwaka 1999 kwamba dawa za maji ya fedha zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliwi kuwa salama wala kuwa na faida. Ukiona lebo inasema "nano" bila kusema nano ya nini, una haki ya kuogopa.

Tena vifuko vya maabara si vitu vya kuvumilia jua. Kwa kawaida huhifadhiwa kwenye baridi kali. Kuvipata kunahitaji mashine ambayo zahanati nyingi za wilaya hazijawahi kuiona. Anayekwambia amevifunga kwenye plastiki na kuviacha mezani Sofia tangu asubuhi, mwulize alitumia mashine gani.

Hadi naandika makala hii hakuna dawa yoyote ya chembe za nano za mimea iliyoidhinishwa kutibu IBS, si hapa wala huko.

Sasa mwenye tumbo afanye nini? Kwanza, ajue kama ni IBS au ni jambo zito zaidi. Damu kwenye choo, kukonda bila sababu, homa, upungufu wa damu, maumivu au kuhara kunakokuamsha usingizini, au tumbo lililoanza kubadilika ukiwa umepita miaka 50: yoyote kati ya hayo si ya kutibiwa sokoni wala kwa tangawizi ya jikoni. Ni ya hospitali, na mapema. Vivyo hivyo kama kwenu kumewahi kuwa na mtu aliyeugua saratani ya utumbo. Wenzetu wa vijiji vya ufukweni mwa Ziwa Victoria, kuanzia Majanji hadi Budalangi, wapimwe pia kichocho, kwa kuwa nacho huumiza tumbo na kina dawa yake ya bei ndogo.

Ikithibitika ni IBS, kuna msaada, na sehemu yake hata ni wa mimea. Maganda ya mbegu za isabgol, yanayouzwa katika maduka mengi ya dawa, huwasaidia baadhi kwa kuwa ni nyuzi laini zinazoshika maji. Yaanze kidogo kidogo, na maji mengi. Mafuta ya mnanaa yaliyofungwa kwenye kidonge kisichoyeyuka mpaka kifike utumboni yamejaribiwa kwa watu, yakapita mtihani ambao unga wa tangawizi ulianguka. Zipo dawa za kulegeza mikazo ya utumbo. Na kwa kuwa tumbo na kichwa vinazungumza, kuna wanaopata nafuu kwa kutulizwa wasiwasi na mshauri mwenye ujuzi, jambo ambalo watu wetu hulichukulia kama kuambiwa kwamba wao ni wendawazimu. Maumivu ni ya kweli. Neva ni za kweli.

Kubwa zaidi ni chakula. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, wamechunguza kwa miaka mingi vyakula ambavyo sukari zake hazifyonzwi vizuri, zikafika utumbo mpana na kuchachuka kama pombe ya mtama. Orodha yao inahuzunisha kwa mtu wa hapa: maharagwe, maziwa, chapati za ngano, maembe. Wali na posho ya mahindi haina neno kwa wengi. Si kwamba uache vyote maisha yako yote. Unapunguza kwa wiki chache, halafu unarudisha kimoja kimoja huku ukiandika, mpaka umjue mchokozi wako. Daftari la Sh1,000 linatosha. Ukiweza kupata mtaalamu wa lishe wa kukuongoza, bora zaidi, hasa ukiwa mjamzito au mwenye kisukari.

Dada yangu wa vitunguu alipelekwa hatimaye hospitali ya rufaa. Damu, choo na kamera havikuonyesha kitu, na tabibu mmoja kijana akakaa naye nusu saa, akimwuliza anakula nini na saa ngapi. Ndipo akaanza daftari. Wiki ya sita alinionyesha kurasa zake, zimeandikwa kwa penseli, nyuma ya hesabu za magunia. Maharagwe hayakuwa na shida kubwa. Maziwa, kidogo. Juu ya orodha, palipopigwa mistari miwili, palikuwa na vitunguu.

"Miaka kumi na nane nauza," alisema. "Watoto wamesoma kwa hivyo. Sasa nivile kwa macho tu?"

Bado anavuka navyo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Nyumbani kwake mchuzi unakaangwa kwa nyanya na majani ya dania, na chupa ya pili ya nano, ambayo hakuifungua, ameirudisha kwa muuzaji wa Sofia, wakaelewana arudishiwe Sh20,000.